Kiyama, Ufufuo na Tumaini: Uhakiki wa Lugha ya Mazishi ya Kikristo Isiolo

Hotuba ya mazishi ni utanzu ambao wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wameupita kando kwa muda mrefu. Nyimbo za jando zimechambuliwa, vitendawili vimekusanywa, tenzi za kale zimehaririwa na kufafanuliwa. Lakini maneno anayoyasema mhubiri mbele ya kaburi lililo wazi, maneno yanayosikilizwa na watu wengi kuliko wasomaji wa diwani yoyote, yameachiwa wanatheolojia. Nao wanatheolojia huyapima kwa usahihi wa mafundisho, si kwa lugha. Hivyo swali la kihakiki lililo jepesi kuliko yote halijaulizwa: je, maneno haya yanatenda lile yanalodaiwa kulitenda? Mhubiri wa Kikristo hudai kwamba anawapa wafiwa tumaini la kudumu, na kwamba msingi wa tumaini hilo ni kufufuka kwa Yesu. Makala haya yanalichunguza dai hilo kwa upande wa lugha, na yanalichunguza mahali ambapo linajaribiwa vikali, yaani Isiolo.

Isiolo haikuchaguliwa kwa bahati. Huu ni mji ulioko kiasi cha kilomita 285 kaskazini ya Nairobi, ambapo Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru wanaishi bega kwa bega, na ambapo Kiswahili si lugha ya mama kwa walio wengi bali ni lugha ya uwanjani: ya soko la mifugo, ya kituo cha polisi, ya zahanati na ya makaburini. Kwa miaka mingi lami iliishia hapo. Waliokuwa wakitoka Marsabit na Moyale kuelekea kusini walisema kwamba wanakwenda "Kenya", na hawakuwa wakifanya mzaha. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeifunga wilaya yote ya kaskazini, asiingie wala asitoke mtu bila ruhusa. Na mara tu baada ya Uhuru, mwishoni mwa mwaka 1963, eneo hilo likatangaziwa hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Shifta. Hadi makubaliano ya Arusha ya mwaka 1967, watu wengi wa Isiolo walikuwa wamekusanywa kambini huku mifugo yao ikiteketea. Waborana wa Waso wanakiita kipindi hicho Gaafa Dhaabaa, yaani wakati wa kusimamishwa. Jina hilo litarudi baadaye, kwa maana lina uhusiano wa ajabu na neno ambalo ndilo kiini cha makala haya.

Vifo vya kaskazini havikuisha na vita hivyo. Tarehe 12 Julai 2005 kijiji cha Turbi, katika Marsabit, kilivamiwa na watu zaidi ya hamsini wakauawa, wakiwemo watoto wa shule. Siku mbili baadaye, tarehe 14 Julai, Askofu Luigi Locati, Mwitalia mwenye umri wa miaka 76 aliyekuwa kiongozi wa Wakatoliki wa Isiolo tangu 1995, alipigwa risasi mjini humo humo akafa. Miaka kumi baadaye, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi Kuu. Jumapili iliyofuata ilikuwa Pasaka. Mhubiri yeyote aliyepanda mimbarini Jumapili ile katika Kenya, hasa katika miji ya njia ya kaskazini, alitakiwa kutangaza kwamba kaburi li tupu wakati ambapo jamaa za marehemu walikuwa Chiromo, Nairobi, wakiwatafuta watoto wao kati ya maiti. Ikiwa lugha ya ufufuo ina nguvu, ilipaswa kuionyesha siku hiyo. Ikiwa haina, basi inafaa ijulikane kwamba haina.

Sifa ya kwanza inayojitokeza katika hotuba za mazishi ni wingi wa tafsida. Marehemu "amelala", "ametangulia", "amepumzika", "ametuacha", "Mungu amempenda zaidi". Tafsida ni adabu, na hakuna Mswahili asiyejua kwamba msiba hauingiwi kwa viatu. Lakini tafsida zikifuatana bila kukatizwa, mauti yenyewe hutoweka katika hotuba, na pasipo mauti hakuna cha kufufuliwa. Aliyelala huamka mwenyewe asubuhi, aliyetangulia hufuatwa, aliyepumzika hasumbuliwi. Hakuna hata moja kati ya semi hizi inayohitaji muujiza. Inastaajabisha kwamba Injili ya Yohana, katika sura ya 11 inayosomwa mara nyingi sana mazishini, inaikosoa tafsida hiyo hiyo. Yesu anawaambia wanafunzi kwamba Lazaro amelala; wanafunzi wanafurahi, wakidhani kwamba mgonjwa amepata usingizi na atapona; ndipo anawaambia waziwazi kwamba amekufa. Mwandishi wa Injili alijua hatari ya neno zuri. Mhubiri anayeisoma sura hiyo kisha akahubiri usingizi peke yake ameirudia kauli ya kwanza akaiacha ya pili, na ya pili ndiyo inayolibeba tukio zima.

Kwa kijana aliyepigwa risasi katika wizi wa mifugo, tafsida hizi zina dosari nyingine iliyo mbaya zaidi. Kusema kwamba "ametangulia" ni kumfanya msafiri aliyeondoka kwa hiari yake. Aliyempiga risasi hayumo katika sentensi.

Hapa ndipo panapofaa kuangaliwa neno lenyewe. Tafsiri ya Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, ambayo bado ndiyo inayosikika zaidi katika makanisa ya Kiprotestanti ya Kenya, ina maneno mawili kwa jambo hili. Katika sura ya 11 ya Yohana limetumika neno "ufufuo". Lakini katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 15, ambayo ndiyo hoja ndefu kuliko zote juu ya jambo hili katika Agano Jipya, linalotumika kwa ufufuo wa wafu wote ni "kiyama". Watafsiri wa 1952 hawakuona haya kulichukua neno ambalo Waislamu wa pwani walikuwa wamelitumia kwa karne nyingi. Wahubiri waliokuja baadaye wameona haya. Biblia Habari Njema, iliyotoka katika miaka ya 1990, inapendelea "ufufuo", na katika mahubiri ya leo neno "kiyama" limebaki kuwa neno la kutishia: siku ya moto, siku ya mizani, siku ya kila mtu na lake.

Kutisha huko hakukuanza na Wakristo. Ushairi wa Kiswahili una mapokeo makubwa ya waadhi. Katika Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa mwanzo wa karne ya 19, mshairi anausemesha moyo wake, anauonyesha magofu ya Pate yaliyokuwa majumba ya fahari, na mwishoni anaufikisha kwenye majina ya mioto ya Jahannamu. Ni kazi isiyo na mfano wake, na sehemu kubwa ya nguvu yake inatokana na kwamba haina haraka ya kufariji. Lakini mapokeo hayo yameacha alama katika lugha yote: msikilizaji wa Kiswahili, awe Mwislamu au Mkristo, akisikia "kiyama" hujikunyata. Hata Mkristo aliyetaka kuitumia bahari ya utenzi kwa habari zake mwenyewe alikuta chombo kimekwisha kuzoea safari nyingine. Mathias Mnyampala, katika Utenzi wa Enjili Takatifu (1963), aliyasimulia maisha ya Yesu kwa umbo hilo la kale. Uhodari wake katika vina haubishaniwi. Walakini utenzi ni umbo la masimulizi marefu, lenye mizani nane na mwendo usiokatika. Tukio la kaburi tupu hupita ndani yake kwa hatua ile ile iliyopitia harusi na safari, na msomaji hapewi mahali pa kusita. Jambo ambalo linadaiwa kuivunja historia vipande viwili linahitaji pumzi, na mwendo wa utenzi hautoi pumzi.

Hata hivyo neno "kiyama" lina hazina ambayo hotuba za mazishi hazijaichimba. Asili yake ni mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kusimama. Kiyama ni kusimama kwa wafu. Wakristo wanaosema Kiarabu huiita Pasaka yenyewe kwa neno hilo, wala halina kitisho masikioni mwao. Zaidi ya hayo, neno la Kiyunani linalotumika katika Agano Jipya, *anastasis*, nalo lina maana hiyo hiyo ya kusimama tena. Kwa hiyo, kati ya maneno mawili yaliyo katika Biblia ya Kiswahili, lile linalodhaniwa kuwa la wengine ndilo lililo karibu zaidi na chimbuko. Mhubiri wa Isiolo, ambaye mbele yake makaburini wamesimama majirani Waislamu waliokuja kuzika pamoja naye, ana neno moja ambalo wote wanalikiri, ijapokuwa hawakubaliani juu ya Isa na yaliyompata. Analiacha, anachukua lingine, na kwa kufanya hivyo anajenga ukuta mahali ambapo lugha ilikuwa imeacha mlango.

Tena Kiswahili kinaongeza jambo lake. "Kusimama" ni kuinuka kwa miguu. "Kusimama" pia ni kukoma mwendo. Gari likisimama limekwama, mgonjwa akisimama amepata nafuu. Kiborana kina utata huo huo katika mzizi unaozaa *dhaabaa*. Wazee wa Waso waliokiita kipindi cha kambi Gaafa Dhaabaa walikuwa wakisema juu ya kukoma: kukoma kwa malisho, kwa safari, kwa ngamia kuzaa. Mfugaji ambaye uhai wake ni kuhama hawezi kupewa adhabu kubwa kuliko hiyo. Hotuba ambayo ingetangaza kiyama kuwa kusimama dhidi ya kusimamishwa huko isingehitaji istilahi hata moja ya kigeni, na msikilizaji wa Merti au Garba Tula asingehitaji kufafanuliwa.

Suala la pili ni la mnyambuliko. Tafsiri ya 1952 inasema juu ya Kristo kwamba "amefufuka". Habari Njema inasema "amefufuliwa". Wasomaji wengi huona kwamba tofauti hiyo ni ya mtindo tu. Sivyo. Kauli ya "-ka" katika Kiswahili haina mtenda: mlango umefunguka, kamba imekatika, kikombe kimevunjika. Ni kauli ya adabu, inayopendwa sana na mtoto aliyevunja kikombe. Kauli ya kutendwa, kwa upande wake, inadai mtenda hata kama hatajwi: aliyefufuliwa amefufuliwa na mtu. Kiyunani cha Paulo katika sura hiyo ya 15 kimo katika kauli ya kutendwa, na hoja nzima inategemea jambo hilo, yaani kwamba Mungu alitengua hukumu iliyokuwa imetolewa na watu. Palikuwa na mahakama, palikuwa na askari, palikuwa na liwali aliyenawa mikono; kisha pakawa na mwingine aliyelifuta tendo lao. Katika "amefufuka" mapambano hayo hayaonekani. Haifai kulitupa neno hilo, maana limekita katika nyimbo na katika salamu za Pasaka, na lina uzuri wake wa ghafla, kama nyasi za Isiolo baada ya mvua ya kwanza. Lakini nyasi hizo ndizo hasa zinazoleta taabu. Mchungaji akisema kwamba marehemu atafufuka kama majani yanavyochipua, msikilizaji mfugaji anaelewa vizuri mno: majani huchipua, huliwa, hukauka, na kiangazi kingine kinakuja. Aliyeuona ukame wa 1984, wa 2011 na ule wa miaka ya 2020 hadi 2023 hatalikubali zunguko la majira kuwa ni tumaini la kudumu. Tumaini lililomo katika sura ya 15 ya Wakorintho linatokana na tendo lililotendwa mara moja.

Kuhusu nyimbo za mazishi panahitajika maneno machache tu. Nyingi zilizomo katika Tenzi za Rohoni ni tafsiri za nyimbo za Ulaya na Marekani, na taswira inayotawala ni ya mto: muumini anauvuka mto wa mauti, anafika ng'ambo, anapumzika. Taswira hiyo iliwafaa walioitunga. Isiolo ina mto, Ewaso Nyiro, na hakuna mtu wa huko anayetamani kuuvuka aondoke. Mto ndiko watu wanakokwenda, na wakati wa ukame mkali, mkondo ukiwa umekauka kabla ya kufika kinamasi cha Lorian, hukifuata kitanda chake kutafuta maji yaliyobaki. Mtunzi wa wimbo wa mazishi aliyezaliwa huko angelijua la kufanya na mto.

Pingamizi kubwa dhidi ya yote yaliyosemwa hapo juu linajulikana, na fasihi ya Afrika Mashariki imelieleza kwa nguvu. Katika Shetani Msalabani, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, ndoto inaonyesha shetani akisulubishwa na watu waliochoka, kisha baada ya siku tatu wakaja watu wa suti na tai kumteremsha na kumpa uhai tena. Ufufuo hapo ni mali ya matajiri: wanafufua wanachokihitaji. Wahakiki wenye mwelekeo huo huuliza swali la haki: je, kumwambia mama wa Turbi kwamba atamwona mwanawe siku ya mwisho si kumwomba asiulize leo ni nani aliyeleta bunduki? Hotuba nyingi za mazishi haziwezi kulijibu swali hilo, kwa kuwa ndivyo hasa zinavyofanya. Zinaliharakisha tumaini ili wafiwa wanyamaze.

Lakini matini yenyewe ambayo hotuba hizo zinadai kuifasiri haifanyi hivyo. Kwanza, Paulo hakimbii kejeli, anaitoa mwenyewe. Anakiri kwamba ikiwa wafu hawafufuliwi, basi imani ni bure na waumini ni wa kuhurumiwa kuliko watu wote. Ni vigumu kupata katika maandishi ya dini mahali pengine ambapo mwandishi anaweka shingo yake juu ya gogo kwa utulivu namna hiyo. Pili, katika sura ya 20 ya Yohana, aliyefufuliwa anatambulikana kwa makovu. Mikono ina alama za misumari, ubavu una alama ya mkuki. Ushahidi wa kosa haukufutwa. Umeinuka pamoja na mwili. Tumaini la namna hii haliwezi kutumiwa kuzima uchunguzi, maana linamweka mbele ya wauaji mtu yule yule waliyemuua, akiwa na majeraha yale yale. Mhubiri aliyemzika aliyepigwa risasi Isiolo, kama angeisoma sura hiyo kwa makini, angelitaja jeraha waziwazi, na tumaini lake lisingepungua kwa kulitaja.

Sura hiyo hiyo ina jambo jingine linalowagusa watu wa kaskazini kwa namna ya pekee. Wasamburu, kama ndugu zao Wamaasai, hapo kale hawakuwa na desturi ya kuwazika watu wote. Wengi walilazwa porini, na jina la marehemu halikutamkwa ovyo na jamaa zake. Desturi hiyo ilikuwa na hekima yake: walio hai walilindwa na uchungu wa kukumbushwa. Kuja kwa kaburi la Kikristo kulileta kitu kipya kabisa katika nchi hiyo, yaani jina lililoandikwa juu ya msalaba na kutamkwa mbele ya watu. Mapadre na wachungaji huonekana kulichukulia jambo hilo kuwa ni utaratibu tu. Lakini Mariamu Magdalene, aliyemdhania Yesu kuwa mtunza bustani, hamtambui kwa hoja wala kwa muujiza. Anamtambua anapoitwa jina. Lazaro naye aliitwa jina. Kwa jamii iliyolificha jina la mfu kwa sababu ya mapenzi, kuambiwa kwamba yuko atakayelitamka na likaitikiwa ni kauli kubwa kuliko ahadi ya mapumziko. Ajabu ni kwamba haisikiki.

Neno "tumaini" nalo linastahili uangalifu. Kiswahili hutofautisha kutarajia na kutumaini. Mvua hutarajiwa, bei ya mbuzi hutarajiwa. Lakini "kutumaini" hukubali yambwa ya mtu: mtoto humtumainia baba, mgonjwa humtumainia tabibu. Mtu hawezi kuitumainia siku ya mwisho kama siku; humtumainia mwenye siku. Hotuba inayoeleza kwa marefu hali ya mbinguni, milango yake na mavazi ya wakazi wake, imegeuza tumaini kuwa tarajio, na tarajio hupimwa kwa kalenda. Baada ya matanga, kalenda hushinda.

Imebaki sauti ya kuyasemea haya. Wahubiri wengi hupaza sauti, kana kwamba uhakika ni suala la koo. Injili ya Marko, katika nakala zake za kale kabisa, inakoma kwenye aya ya 8 ya sura ya 16: wanawake wanatoka kaburini wakitetemeka, hawamwambii mtu neno, kwa sababu wanaogopa. Aya zinazofuata ziliongezwa baadaye na watu ambao hawakuridhika na mwisho huo. Kwa mfiwa wa Isiolo mwisho huo mfupi una faida ambayo mwisho mrefu hauna, kwa kuwa unamruhusu asikie habari ya kaburi tupu huku miguu yake ikiwa bado inatetemeka. Tena wanawake hao walikuwa wameagizwa wawaambie wanafunzi waende Galilaya. Galilaya ilikuwa jimbo la kaskazini, lenye mchanganyiko wa watu, ambalo wakubwa wa Yerusalemu waliliona kuwa ni la pembeni na lafudhi ya wenyeji wake ikachekwa. Waliotoka huko kwenda Yerusalemu hawakukosa namna yao ya kusema kwamba wanakwenda "Kenya".